Nani Yumo Ndani ya Wastani

Familia inayozungumza Kiswahili ikihamia mji mpya hapa Marekani, swali la nyumba na swali la shule huja pamoja. Mzazi ananionyesha simu. Kwenye kioo kuna jina la sekondari ya umma ya mtaa anakotaka kupanga, alama moja kubwa kati ya kumi, na chini yake mlolongo wa asilimia: waliofaulu hisabati, waliofaulu kusoma, waliohitimu. Ukiteremka kidogo unakutana na asilimia za aina nyingine: weusi wangapi, weupe wangapi, Walatino wangapi, wangapi wanatoka katika kaya zenye kipato cha chini, wangapi bado wanajifunza Kiingereza. Halafu ananiuliza, "Hii shule ni nzuri?"

Kazi yangu ni ukalimani shuleni. Ninakaa kati ya mzazi na mwalimu, kati ya mzazi na mshauri wa wanafunzi, na mara nyingine kati ya mzazi na mkuu wa shule siku ambayo mambo hayako sawa. Ripoti hizi nimezisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliovuka bahari ili watoto wao wasome. Ndiyo maana swali lile sikubali kulijibu kwa ndiyo au hapana. Matokeo yamewekwa juu, wanafunzi wenyewe wamewekwa chini, ukurasa ni mmoja, na karibu hakuna anayemkalisha mzazi akamweleza jinsi sehemu hizo mbili zinavyoshikana.

Zimeshikana sana, na hilo limejulikana zamani. Mwaka 1966 Serikali ya Marekani ilitoa ripoti kubwa iliyoagizwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Aliyeiongoza ni mwanasosholojia James Coleman, na timu yake ilikusanya taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule karibu 4,000. Wengi walitarajia ithibitishe kwamba watoto weusi wako nyuma kwa sababu ya majengo mabovu, vitabu vichache na maabara tupu. Ikakuta kwamba vifaa vinaeleza sehemu ndogo tu ya pengo. Kilichoeleza zaidi ni nyumba anakotoka mtoto, na pia nyumba wanakotoka wenzake wa darasani. Ripoti hiyo imebishaniwa kwa miongo mingi. Mbinu zake zimekosolewa, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba fedha zikielekezwa vizuri huwainua watoto, hasa wa kaya maskini. Lakini kiini chake bado kimesimama. Chukua shule nyingi, zipange kwa wastani wa alama, na kwa sehemu kubwa utakuwa umezipanga kwa kipato na elimu ya wazazi.

Kwa hiyo ile alama kubwa kwenye simu inamweleza mzazi ni watoto wa nani wanasoma pale, kabla haijamweleza lolote kuhusu ufundishaji. Shule inaweza kupata tisa kwa sababu watoto wake waliingia darasa la 9, mwaka wa kwanza wa sekondari hapa, wakiwa tayari wanajua. Nyingine inapata nne, huku walimu wake wakimtoa mtoto mbali kuliko walimu wa ile ya tisa.

Hili si la kubahatisha. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamekusanya matokeo ya mitihani ya darasa la 3 hadi la 8 kutoka karibu wilaya zote za shule nchini, wakatenganisha mambo mawili ambayo ripoti za kawaida huyachanganya: wastani wa alama, na hatua ambazo watoto wanapiga kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Wastani ulikwenda sambamba na hali ya kiuchumi ya familia. Hatua zilizopigwa zilihusiana nayo kwa udogo sana. Chicago, wilaya yenye watoto wengi maskini na wastani wa chini, ilionekana kuwasogeza watoto kwa kiasi cha miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano. Mtu anayeangalia wastani peke yake angeikimbia Chicago. Hizo ni takwimu za madarasa yaliyo kabla ya sekondari, lakini zimenifundisha jinsi ya kuishika ripoti ya sekondari yoyote inayowekwa mbele yangu.

Kabla sijaendelea, nitoe haki kwa takwimu zenyewe. Kuna watu wema wanaosema tuache kabisa kuhesabu watoto kwa rangi, kipato na lugha, kwamba kuwapanga hivyo kunawadhalilisha. Sikubaliani nao. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002 ndiyo iliyolazimisha shule zote za umma kuonyesha matokeo ya kila kundi peke yake: makabila na rangi kuu, wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Sheria iliyoirithi, ya Desemba 2015, iliendeleza hilo na kuongeza watoto wasio na makazi, walio chini ya malezi ya serikali, na wa familia za wanajeshi. Kabla ya hapo shule ilikuwa na uwezo wa kutangaza wastani mzuri huku watoto wa kundi fulani wakizama kimyakimya ndani yake. Sheria ya 2002 ilikuwa na madhara mengi, na walimu waliofundisha miaka ile watakueleza namna mitihani ilivyomeza ratiba nzima. Lakini kwa kuwafunua watoto waliokuwa wamefichwa ilitenda haki, na mimi natetea uwepo wa jedwali lile kwa nguvu zangu zote. Ninacholalamikia ni jinsi linavyosomwa.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza ndilo linalonihusu zaidi, na ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Karibu kila mwaka alama zake huwa za chini kabisa kwenye jedwali. Mtu akiliona hivyo miaka mitano mfululizo anahitimisha kwamba watoto hawa hawaendelei, au walimu wao hawafanyi kazi. Tazama kundi lenyewe linavyoundwa. Mtoto anaingia kwa sababu hajui Kiingereza cha kutosha. Kila mwaka anapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Katika majimbo zaidi ya 30 hutumika mtihani wa WIDA wenye ngazi sita. Akifikia ngazi iliyowekwa na jimbo lake anatolewa kundini, na nafasi yake inachukuliwa na mtoto aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita. Ni sawa na kupima urefu wa watoto wa darasa la kwanza kila mwaka, kisha ukashangaa kwamba darasa la kwanza halirefuki. Waliofaulu wamehamishiwa safu nyingine ya jedwali, na huko hakuna anayejua walikotoka.

Waandishi wa sheria ya 2015 waliliona tatizo hilo, wakaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliokwisha kutoka katika kundi hilo kwa muda wa hadi miaka minne. Inasaidia kiasi. Ila inamfanya msomaji apate shida nyingine: akilinganisha shule mbili za majimbo mawili, huenda analinganisha makundi mawili yaliyoundwa kwa kanuni tofauti.

Na ukiingia ndani ya kundi hilo, ukawachukua wanaozungumza Kiswahili peke yao, utakuta dunia nzima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili sijawahi kuliona limeandikwa kwenye ripoti yoyote ya shule. Katika mwaka wa bajeti wa 2019, Marekani ilipokea wakimbizi 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wa familia ninazokaa nazo ni za mashariki ya Kongo, lakini watoto wao hawakusomea Kongo. Walisomea katika kambi za wakimbizi. Mmoja alikulia Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako shule za Wakongo hufuata mtaala wa Kongo na Kifaransa ndiyo lugha ya masomo. Mwenzake alikulia Nakivale, Uganda, akasoma kwa mtaala wa Uganda na Kiingereza. Wa tatu ametoka Kakuma, Kenya, wa nne Dzaleka, Malawi, na hao nao wamesoma mitaala ya nchi zilizowapokea. Wote wanne wanaongea Kiswahili nyumbani. Wote wanne wataandikwa safu moja.

Kijana wa Nyarugusu anaweza kuwa mkali wa hesabu, mwenye uwezo wa kutatua milinganyo kwa kalamu na karatasi tu, lakini swali la hesabu katika mtihani wa hapa limeandikwa kama hadithi ndefu ya Kiingereza kuhusu mtu anayekodi gari. Anaanguka kwenye hadithi kabla hajafika kwenye hesabu. Binti wa Nakivale anasoma ile hadithi bila shida; kinachomsumbua ni kwamba alikaa nyumbani miaka miwili akilea wadogo zake, na hesabu za sehemu, kama nusu na robo, hazijui. Ripoti inawaita jina moja na kuwapa alama moja. Mwalimu anayetaka kuwasaidia anahitaji kujua vitu viwili tofauti kabisa, na jedwali halimwambii hata kimoja.

Tena mara nyingi jedwali linanyamaza kabisa. Sheria inalinda faragha, kwa hiyo kundi likiwa dogo mno, ripoti huweka kinyota mahali pa namba. Kila jimbo limejiwekea kiwango chake. Kumi ni kiwango cha kawaida cha kuchapisha matokeo, na kwa kuiwajibisha shule idadi inayotakiwa huwa kubwa zaidi. Faragha ni jambo la haki. Lakini tokeo lake ni kwamba katika shule nyingi watoto wetu ni kinyota, na kinyota hakimfanyi mkuu wa shule aitishe kikao.

Tuje kwenye kuhitimu, kwa sababu hapo ndipo nilipoona namba ikimwumiza mtu niliyemfahamu.

Kiwango cha kuhitimu kinachotangazwa Marekani kinahesabiwa kwa miaka minne. Wanafunzi wanaoanza darasa la 9 kwa mara ya kwanza mwaka mmoja huunda kundi. Wanaohamia wanaongezwa, wanaohama kwa ushahidi wa maandishi wanatolewa, wanaofariki wanatolewa. Baada ya miaka minne unauliza ni wangapi wamepata diploma ya kawaida. Kanuni hii iliwekwa mwaka 2008 kwa nia nzuri sana, kwa sababu kabla yake kila jimbo lilihesabu lilivyotaka, na wapo waliowafuta walioacha shule kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Kwa hesabu hiyo, kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 79 katika mwaka wa masomo 2010–11 na kikafika asilimia 86 mwaka 2018–19. Mwaka huohuo wa 2018–19, kwa wanaojifunza Kiingereza kilikuwa asilimia 69.

Kijana mmoja niliyemkalimania aliwasili akiwa na miaka kumi na saba. Masomo yake ya kambini yalikatika mara kwa mara, na karatasi za shule zilipotea njiani. Bila karatasi hakuna krediti, yaani hesabu ya masomo uliyokamilisha, na bila krediti haijalishi una miaka mingapi: aliwekwa darasa la 9 pamoja na watoto wa miaka kumi na nne. Diploma hapa haitolewi kwa mtihani mmoja wa mwisho kama wazazi wetu walivyozoea kwa Mtihani wa Dola wa Kongo au kidato cha nne cha Tanzania. Unakusanya krediti somo kwa somo, muhula kwa muhula, na katika majimbo mengi zinahitajika zaidi ya ishirini. Masaa aliyotumia kujifunza Kiingereza yalihesabiwa kama somo la hiari, si kama Kiingereza cha kuhitimia. Jioni alifanya kazi ghalani, kwa sababu mama yake alikuwa na kodi ya kulipa.

Alihitimu mwaka wa tano. Mama yake alikuja uwanjani na kitenge kipya, akapiga vigelegele mpaka safu nzima mbele yetu ikageuka. Kwenye kiwango cha miaka minne, kijana yule alikuwa amekwisha kuandikwa mwaka mmoja kabla kama mtu asiyehitimu. Alishusha namba ya shule yake. Mwalimu wake wa Kiingereza, aliyebaki naye baada ya masomo wiki baada ya wiki, alishusha namba ya shule yake kwa kumbakiza.

Majimbo mengi huchapisha pia kiwango cha miaka mitano, na baadhi cha miaka sita. Sheria inaruhusu kiwango hicho kitumike pamoja na kile cha miaka minne. Tatizo ni kwamba kimewekwa kwenye faili la tatu ndani ya tovuti ya idara ya elimu ya jimbo, na alama ya kwenye simu haikijui. Majimbo mengi pia yanaruhusu kijana asome sekondari ya umma hadi miaka ishirini au ishirini na moja. Mzazi anapaswa kujua hili kabla ya yote, maana nimekaa katika vikao ambavyo kijana wa miaka kumi na nane alishauriwa kwa upole kwamba labda masomo ya watu wazima yatamfaa zaidi. Huenda aliyeshauri alimtakia mema. Lakini kijana akihamishiwa programu ya watu wazima anaiacha njia ya diploma ya shule ile, na ninajua fika kwamba mwaka wa tano ni gharama kwenye ripoti. Mzazi asiyejua kwamba mtoto ana haki ya kubaki atasaini.

Kuhusu umaskini nitakuwa mfupi, ingawa watu wengi hudhani ndiyo namba iliyo wazi kuliko zote. Kwa miongo mingi umaskini wa shule umepimwa kwa chakula cha mchana: mtoto ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa taifa anakula bure, na hadi asilimia 185 analipa kidogo. Kisha ukaja utaratibu, uliotokana na sheria ya 2010 na kuenea nchi nzima mwaka wa masomo 2014–15, wa shule zenye watoto wengi maskini kuwalisha wote bila fomu. Kama mtu niliyejaza fomu zile na akina mama wasiojua kusoma, naushukuru utaratibu huo. Ila shule ya namna hiyo ikitumia hesabu ya chakula inaweza kuonekana ina maskini asilimia mia, na jirani yake inayotumia fomu ikaonyesha nusu, huku mitaa inayowaletea watoto ikifanana. Mwaka 2023 kizingiti cha kuingia katika utaratibu huo, yaani sehemu ya watoto ambao tayari wanatambuliwa kupitia misaada ya serikali, kilishushwa kutoka asilimia 40 hadi 25, kwa hiyo shule nyingi zaidi zitaonekana hivyo. Usiiogope shule kwa namba hiyo, wala usiisifu kwa "kufaulu licha ya umaskini" kabla hujaangalia walihesabuje.

Rangi nayo ni hivyohivyo. Safu ya weusi inamweka binti aliyezaliwa hapa, ambaye babu zake wamekuwa hapa kabla Marekani haijawa nchi, pamoja na kijana wa Uvira aliyefika juzi na mtoto wa daktari kutoka Nairobi. Historia zao, mahitaji yao, na mambo waliyotendewa na shule za nchi hii hayafanani. Mtoto wa Mombasa mwenye asili ya Kiarabu, kwa kanuni za zamani za serikali, aliingia safu ya weupe. Kanuni hizo zilibadilishwa Machi 2024 kuongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na shule zinahitaji miaka kuzifuata. Hata hivyo sitaki mtu atumie utata huu kudharau safu yenyewe. Pengo kati ya watoto weusi na weupe nchini hapa lina sababu zinazojulikana kwa majina na tarehe.

Baadhi ya sababu hizo ni mipaka. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitamka katika kesi ya Brown kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Familia nyingi za weupe zikahamia vitongoji, na mwaka 1974, katika kesi ya Milliken iliyotoka Detroit, mahakama hiyohiyo ikasema vitongoji haviwezi kulazimishwa kushiriki mpango wa kuchanganya watoto ikiwa havikuthibitika kuhusika na ubaguzi wenyewe. Mwaka mmoja nyuma, 1973, kesi ya Rodriguez kutoka San Antonio ilikuwa imeamua kwamba katiba ya taifa haidai usawa wa fedha kati ya wilaya za shule. Ukiunganisha hukumu hizo mbili unapata ramani ya leo: sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi ya eneo husika, na mstari wa wilaya unaweza kupita katikati ya barabara moja. Kisha alama ya shule inapandisha bei ya nyumba, bei ya nyumba inachagua familia, na familia zinapandisha alama. Mzazi aliyeniuliza kuhusu shule kabla ya kupanga nyumba alikuwa anauliza, bila kujua, bei ya kuingia katika mzunguko huo.

Nimesikia watu wawili wakizitumia takwimu hizi vibaya, kila mmoja kutoka upande wake, na wote wananiumiza. Wa kwanza ni yule anayesema wageni wanaishusha shule. Niliisikia kauli hiyo katika mkutano wa wazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na pembeni yangu alikuwepo baba aliyekuwa ananisubiri nimfasirie. Nilimfasiria neno kwa neno, kwa sababu ana haki ya kujua kinachosemwa juu ya mtoto wake. Mtoto kuingia shuleni bila Kiingereza hakumpunguzii jirani yake wa dawati maarifa yoyote. Wastani unashuka kwa sababu aliyejumlishwa ameongezeka. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefahamu kidogo kuliko jana. Na mlango ule ameufunguliwa na sheria: kesi ya Lau ya 1974 ilizitaka shule zimpe mtoto asiyejua Kiingereza njia ya kweli ya kushiriki masomo, na kesi ya Plyler ya 1982 ikazuia majimbo kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Wa pili ni mpole zaidi, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Huyu hutikisa kichwa na kusema, "Ukizingatia watoto tulio nao, tumejitahidi." Hapo takwimu za wanafunzi zinageuka godoro la kulalia. Ndiyo, matokeo yanafuata hali za familia. Lakini shule mbili zenye watoto wa hali ileile hutoa matokeo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kazi ya shule. Anayesema ukizingatia watoto tulio nao, namwomba atuonyeshe shule nyingine yenye watoto kama hao, tuone.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza sasa, tunafungua pamoja tovuti ya jimbo, siyo ile ya alama kumi. Tunatafuta ukuaji, yaani watoto walioanza mahali pamoja walifika wapi. Majimbo mengi huutoa hata kwa sekondari, ingawa sheria ya taifa inadai mtihani wa hesabu na wa kusoma mara moja tu katika ngazi hiyo. Tunatafuta maendeleo ya Kiingereza, ambayo kwa sheria ya 2015 kila jimbo linalazimika kuyatumia katika kuipima shule: ni asilimia ngapi ya watoto hawa walipanda ngazi waliyotarajiwa mwaka huu? Hiyo namba haiadhibu shule kwa kupokea wageni, inauliza imewafanyia nini. Tunaangalia kukosa shule, yaani wanaopoteza siku moja kati ya kila kumi au zaidi. Kabla ya janga la korona walikuwa takriban asilimia 15 nchini, wakafika karibu asilimia 28 mwaka 2021–22, na bado shule nyingi hazijarudi zilikokuwa. Mtoto asiyekuwepo hafundishiki. Tena utoro wa kundi moja ukipanda peke yake, kuna jambo linalolisukuma nje: basi, kazi, uonevu, kulea wadogo.

Halafu nauliza lile ambalo ripoti husema kwa shida: nani anaingia madarasa ya juu? Sekondari inaweza kuwa na madarasa mengi ya kiwango cha chuo, na ukipita mlangoni ukaona ndani hakuna hata mmoja anayefanana na watoto unaokutana nao kwenye korido. Ni shule mbili ndani ya jengo moja. Nimekaa na binti aliyepewa hesabu za mwaka uliopita kwa sababu tu Kiingereza chake kilikuwa ngazi ya pili, wakati daftari lake la kambini lilikuwa na hesabu za mbele zaidi. Tulilipeleka daftari lenyewe kwa mwalimu wa hesabu. Hakuhitaji mkalimani kulisoma. Wiki iliyofuata binti alibadilishiwa darasa.

Kuna jambo moja ninalolidai wazi kwa wilaya za shule, na ninawaomba wazazi walidai pamoja nami. Siku ya kwanza ya kuandikisha mtoto, kila mzazi hujaza karatasi inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Wapo wanaoandika Kiingereza kwa woga, wakidhani Kiswahili kitamchelewesha mtoto, na kwa kufanya hivyo wanamwondolea msaada anaostahili na kumfuta katika hesabu. Andikeni Kiswahili. Wilaya basi inajua idadi ya watoto wanaokizungumza katika shule zake zote kwa jumla, na kwa wilaya nzima idadi hiyo mara nyingi inavuka kile kiwango cha kinyota. Kwa hiyo matokeo yao yanaweza kuchapishwa kwa lugha ya nyumbani: wamepanda ngazi ngapi, wamehitimu wangapi kwa miaka minne na wangapi kwa mitano, wangapi wako kwenye hesabu za juu. Data ipo. Bodi nyingi za shule hukutana mara moja kwa mwezi na hutenga muda wa wananchi kusema, kwa kawaida dakika mbili au tatu kwa kila mtu. Ombeni mkalimani mapema, au njooni nami. Hayo yanasemeka ndani ya dakika mbili.